Adabu ya Kuonyesha Njia

Mtu aulizaye njia hujitia mikononi mwa yule amwulizaye. Hana mizani ya kulipima jibu alipewalo, wala nafasi ya kulichunguza. Hulipokea kama lilivyo, akaelekeza uso wake upande alioonyeshwa, akaenda. Ukweli wa jibu lile hataujua ila mbele ya safari, na pengine wakati huo kurudi nyuma hakumkiniki tena. Kwa hiyo, ijapokuwa kuonyesha njia ni tendo la dakika moja, na aghalabu hutendwa na mtu aliyeegemea mpini wa jembe lake kondeni, ni moja katika matendo yenye dhamana kubwa ambayo binadamu humtendea mwenzake asiyemjua.

Nimelifikiri jambo hili kwa sababu ya kijana mmoja, mwanafunzi wa elimu ya kompyuta, mzaliwa wa Kasulu kama mimi. Alinijia na simu mkononi, akaniambia kwamba anatengeneza programu ya kuwaongoza watembeaji katika nyanda za juu za Kigoma: Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko, wilaya zilizomegwa kutoka katika hizo mbili mwaka 2012. Tumaini lake lilikuwa kwamba wageni waendao Lushoto kutembea katika milima ya Usambara wangeweza siku moja kuja kwetu pia, wakaviona vilima vyetu, wakaacha fedha kidogo vijijini. Hakuniomba falsafa. Aliniomba Kiswahili. Alitaka maneno mafupi na mepesi ya kutia katika kioo cha simu, maneno ambayo mtu aliyechoka angeyaelewa kwa kutupia jicho mara moja. "Mwalimu," alisema, "nataka mtumiaji asifikiri. Aguse tu, njia imfungukie."

Nilimpa maneno aliyoyataka, lakini neno lake lile, "asifikiri," lilibaki kwangu alipokwisha kuondoka. Je, ni wema kumwondolea mtu haja ya kufikiri aendako? Na kama ni wema, una mpaka wapi?

Yafaa kwanza niieleze nchi yenyewe, maana swali la njia haliwezi kujibiwa hewani. Buha ni nchi ya vilima na mabonde, iliyoinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Magharibi yake imepakana na Burundi, na Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, hata mtu wa upande huu humwelewa wa upande ule bila ya mkalimani. Mashariki vilima hushuka katika misitu ya miombo, kisha katika mbuga za maji za Malagarasi na Muyovozi, ambazo mwaka 2000 ziliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, zikiwa za kwanza katika Tanzania. Mvua huanza Oktoba au Novemba, ikadumu mpaka Mei; na katika miezi hiyo njia iliyokuwa nyeupe na ngumu mwezi wa Agosti hugeuka mfereji, au hutoweka kabisa chini ya majani. Barabara kuu itokayo Kigoma, ikapita Kasulu na Kibondo kwenda Nyakanazi, imetiwa lami kipande baada ya kipande kwa miaka mingi. Lakini lami haifiki kwenye mzinga wa nyuki, wala kwenye konde la muhogo, wala kwenye kila soko la mpakani. Huko watu hufika kwa miguu, au kwa baiskeli, na siku hizi kwa bodaboda pale inapowezekana.

Ndiyo sababu neno "mtembeaji" lilinipa taabu. Katika nchi za Ulaya na Marekani mtembeaji ni mtu aliyeacha gari lake chini ya mlima ili apate furaha ya kuupanda. Kwetu kutembea hakukuanza na furaha. Babu zetu walitembea kwenda kuipata reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, wachukuliwe katika mashamba ya mkonge ya mbali kufanya kazi ya manamba. Mama zetu wametembea na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Wako waliotembea usiku kwa hofu ya mauti: waliotoka Burundi mwaka 1972, na tena mwaka 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa, na tena mwaka 2015, wakaishia katika kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, au Nduta katika Kibondo. Nilimwuliza kijana, mtembeaji wako ni yupi katika hawa? Akajibu, "Wote." Lilikuwa jibu zuri, lakini asemaye "wote" amejitwisha mzigo ambao huenda hajaupima.

Kila aliyesafiri kwa miguu katika bara analijua jibu la "hapo mbele tu." Umetembea tangu alfajiri, jua limekuwa kali, unamwuliza mzee aliyeketi kivulini kama kijiji fulani kiko mbali. Anakutazama viatu, anakutazama uso, anasema, "Hapana, karibu tu, hapo mbele." Unakwenda saa mbili hujakiona. Mzee yule hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuhurumia. Aliona kwamba kukuambia hesabu ya kweli kungekuvunja moyo, naye hakutaka kuwa yeye mwenye kuuvunja; akakupa neno tamu likusukume kilima kimoja zaidi. Nimekwisha kupewa jibu hilo mara nyingi nikiwa mchanga, na katika uzee wangu huu nakiri kwamba nami nimewapa wengine.

Sasa nauliza, je, wepesi wa programu si ndugu wa neno la mzee huyu? Mtengenezaji anajua kwamba mtumiaji hapendi mashaka. Kioo chenye mashaka huchosha. Mtu hukifunga akatafuta kingine. Basi mtengenezaji huchora mstari mmoja, wenye rangi nzuri, usiokatika, kutoka hapa mpaka kule, na mtumiaji huona raha moyoni kwa sababu mstari haugugumii. Mzee wa kivulini angalau alikuona uso.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Machi, nilikuwa nikitoka kijiji kimoja cha Kibondo kwenda kingine, nikaifuata programu moja ya kigeni ambayo sina haja ya kuitaja. Mstari wake ulinishusha bondeni, ukavuka maji, ukapanda upande wa pili. Nilipofika majini nilikuta magogo mawili tu ya kile kilichokuwa daraja, nayo yameelekea kule yaendako maji. Jua lilikuwa linazama. Simu ikaniambia kwa sauti laini niendelee mbele. Nilisimama pale, mtu mzima mwenye vitabu nyumbani, nikaona mguu wangu mmoja umekwisha kuingia katika tope kabla akili yangu haijauliza swali lolote. Na jambo hilo ndilo lililonitisha kuliko maji. Mtoto mwenye mbuzi alitokea nyuma yangu, akacheka kidogo kwa adabu, akasema, "Daraja lilichukuliwa mwaka juzi, babu." Usiku ule nililala kwa wazazi wake.

Wala si Kibondo tu. Julai 2021 vyama viwili vya watu wa milima katika Scotland vilitoa onyo juu ya ramani ya Google na mlima Ben Nevis, wenye kimo cha mita 1,345. Mtu aliyetafuta njia ya kufika kileleni alipelekwa mpaka uwanja wa magari ulio karibu zaidi na kilele, na kutoka hapo akaonyeshwa mstari wa nukta upandao moja kwa moja katika miamba. Hapana mtu aliyeipita njia ile akaisifu. Nukta zilikuwa ishara ya umbali tu, nafasi iliyo wazi kati ya barabara na kilele. Lakini macho ya mwanadamu hayajui kusoma nukta kama ukimya. Huzisoma kama ahadi.

Setilaiti nne zikionekana angani zatosha kumwambia mtu mahali aliposimama, na simu ya kawaida hukosea mita tano hivi penye uwazi, hata kama hakuna mtandao wala salio. Ni maarifa ya ajabu, na asiyeyastaajabia hana shukrani. Lakini setilaiti hujua ulipo. Hazijui umesimama juu ya nini. Hazijui tope, wala nyuki waliochokozwa, wala kwamba konde lile lina mwenyewe. Maarifa hayo hukaa kwa watu, na tena hukaa kwa muda: lililo kweli mwezi wa Agosti si kweli mwezi wa Machi.

Nilipomwambia kijana haya hakukubali upesi, nami nilimpenda kwa sababu hiyo. Alisema kwamba mimi nasema kama mtu ambaye hakupata kupotea akiwa hajui kusoma. Wepesi, alisema, si upuuzi wa watu wavivu. Mama yake ana simu janja aliyonunuliwa, lakini hutumia picha tu na sauti, maana herufi zinamchosha. Programu iliyojaa maonyo ya maandishi itamwacha nje kama vile mlango uliofungwa. Herufi lazima ziwe kubwa kwa sababu jua la saa sita huua kioo. Rangi lazima ziwe chache. Ramani lazima ishuke yote katika simu mjini Kasulu, penye mtandao, ili huko porini isiombe kitu. Na lazima ile chaji kidogo, maana atokaye kijiji kisicho na umeme ameichaji simu yake dukani kwa senti zake. Kilimanjaro, alinikumbusha, ilipelekewa intaneti ya kasi mpaka kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, mwezi wa Agosti 2022; na huko kila mpandaji anakwenda pamoja na kiongozi. Sisi huku hatuna kiongozi wala intaneti, na bado nataka kumwongezea mtu ugumu?

Alisema kweli katika yote hayo. Nilikuwa nimechanganya vitu viwili, na kijana ndiye aliyenifanya nivitenge. Uko wepesi unaomwondolea mtu taabu isiyo na faida: kutafuta kibonyezo, kufumbua herufi ndogo, kungoja. Wepesi huo ni huruma tupu, na mtengenezaji anayeuacha kwa uvivu amedhulumu. Uko na wepesi mwingine unaomwondolea mtu habari anayoihitaji kwa sababu habari hiyo haipendezi. Huo ndio neno la mzee wa kivulini. Wa kwanza hupunguza mzigo wa msafiri. Wa pili humpunguzia macho. Ugumu ni kwamba juu ya kioo vyote viwili huonekana sawa, safi na vyenye kupendeza, na watumiaji huvisifu kwa maneno yale yale.

Basi tulikubaliana, baada ya ubishi wa jioni mbili, kwamba mstari mzima utachorwa tu pale ambapo mtu ameipita njia katika majira yale yale ya mwaka. Iliyopitwa zamani itachorwa kwa rangi iliyofifia, na mwezi wake utaandikwa. Isiyopitwa na mtu haitachorwa hata kidogo, patabaki patupu. Kijana aliumia. Programu yake iliyokuwa na mistari mizuri kote ikawa na mashimo kama nguo iliyoliwa na mende, naye alijua kwamba programu nyingine, zisizoona haya, zitaonekana kamili kuliko yake. Huenda watu wakaiacha. Sikuwa na faraja ya kumpa juu ya hilo, na mpaka leo sina. Kukiri ujinga wako mbele ya mtu anayekutegemea ni gharama, na si mimi niliyekuwa nikiilipa.

Mpaka hapa nimesema habari za mwenye kuonyesha na mwenye kuonyeshwa, kana kwamba njia ni mali yao wawili. Lakini njia hupita katika nchi ya watu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akienda Ujiji kumtafuta David Livingstone, alipita Uha, akatozwa ushuru wa njia ulioitwa hongo na mtawala mmoja baada ya mwingine. Alipoambiwa kwamba mbele wako wengine wanaongoja, alimlipa mtu mwenye kuijua nchi, akawapitisha usiku porini, kimya, mbali na vijiji. Kwa Stanley mtu yule alikuwa kiongozi bora. Kwa wenye nchi alikuwa nini? Sihukumu hongo ilikuwa haki au la. Nasema tu kwamba kila njia ifunguliwayo kwa mgeni hufunguliwa pia juu ya mtu asiyekuwapo wakati wa mapatano.

Jambo hili limekuwa kubwa zaidi katika siku zetu. Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake huandika mwendo wa wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilitangaza ramani ya dunia nzima inayong'aa pale watu walipopita. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaonyesha kwamba ndani ya ramani hiyo zimo kambi za kijeshi, zimechorwa na nyayo za askari wenyewe waliokuwa wakikimbia asubuhi kwa afya yao. Hapana aliyefanya hila. Kila mmoja aliandika njia yake tu, na njia zilipokusanywa zikasema siri ambayo hakuna mmoja aliyeitoa.

Kijana wangu alikuwa na jambo la namna hii katika simu yake, naye hakulijua. Katika njia alizozikusanya kwa kuongozana na wazee, mlikuwa na moja itokayo upande wa mpaka, ikishuka katika korongo, ikakwepa kila nyumba. Ilikuwa nzuri kwa kutembea, yenye kivuli na maji. Mgeni angeifurahia mno. Nilimwuliza mzee aliyeionyesha mbona inakwepa nyumba. Alinyamaza, kisha akasema kwamba mwaka 2015 watu walipita pale.

Je, itiwe katika programu? Ikitiwa, mtu atakayelazimika kukimbia tena, Mungu apishie mbali, ataweza kuipata. Na amfuataye kwa panga ataipata vilevile, kwa mguso ule ule. Yapo mambo yanayotetea kuitia. Katika wilaya ya Serengeti, watu wa kujitolea wa kazi iitwayo Crowd2Map, iliyoanza mwaka 2015, wamechora vijiji na njia ambazo ramani za zamani hazikuzijua, na moja ya sababu zao ni kwamba wasichana wanaokimbia kukeketwa wanaweza kufikiwa usiku na kupelekwa katika nyumba salama ya Mugumu. Hapo mstari juu ya ramani umekuwa mkono wa kuokoa, na aliyeuficha angekuwa ameshirikiana na kisu. Kwa hiyo sikubaliani na wale wasemao kwamba yote yaachwe gizani, kuwa giza ndilo mlinzi wa wanyonge. Giza halina rafiki.

Tofauti niionayo mimi ni hii. Mugumu wapo watu wenye kuitwika ramani ile: wanaojua ni ya nini, wanaotoka usiku kwa miguu yao kumfuata msichana, nao wataulizwa likitokea baya. Njia ya korongo letu ingetiwa mahali ambapo mtu yeyote wa dunia angeweza kuichukua, na hakuna hata mmoja angeulizwa. Zaidi ya hayo, waliopita pale hawakuombwa ruhusa, wala hawakuwa na nafasi ya kuombwa, walikuwa wakikimbia. Nilimshauri aiondoe, naye akaiondoa mbele ya macho yangu. Nakiri sikulala vizuri usiku ule, maana huenda nimeifunga kwa mtu ambaye sitamjua kamwe.

Kiongozi wa zamani alikuwa na sifa moja ambayo programu haiwezi kuwa nayo: alitangulia. Kama njia ilikuwa na nyoka, alimkuta yeye kwanza. Neno lake la "hapa ni salama" lilikuwa na uzito kwa sababu mguu wake ulikuwa umekwisha kukanyaga. Mtengenezaji wa programu hukaa mbali, mahali pakavu, akawatuma watu maelfu katika bonde asilolishukia. Na wakizama, habari humfikia kama hesabu. Silaumu hali hiyo, kama nisivyomlaumu mwandishi wa kitabu kwa kutokuwapo kinaposomwa. Nasema tu kwamba asiyeweza kutangulia amebakiwa na deni, na sikuona namna ya kulilipa ila kwenda mwenyewe, mara kwa mara, katika njia alizozichora.

Kwa hiyo mwezi wa Desemba, mvua ikiwa imekwisha kushika, tulikwenda. Tulianzia upande wa Makere, kijana mbele, mimi nyuma na fimbo. Mahali pamoja njia hupita kati ya nyumba na migomba ya bibi mmoja. Zamani programu ilichora mstari ukatao uwani kwake, sasa kijana alikuwa ameufuta, na mahali pake ameandika maneno mawili: "Uliza hapa." Tulipofika akapiga hodi. Bibi akatoka akijifuta mikono, wakaamkiana kwa Kiha, na maamkizi yetu si ya haraka. Akauliza tutokako, na watu wetu, na mvua ya huko. Ndipo akauliza tuendako. Akasema njia ya uwani imefungwa, amepanda maharage, tuzunguke nyuma ya migomba mpaka atakapovuna.

Kijana akamwonyesha simu, akamweleza kwamba yataandikwa hapo ili wageni wajue. Akamwomba ruhusa. Bibi akakitazama kioo kwa muda, akakirudisha.

"Andika, mjukuu wangu," alisema. "Lakini uandike pia kwamba atakayepita nyuma ya migomba asipite kimya kama mwizi. Aniamkie. Nikiwa ndani aniite, nitaitikia."

Tukaaga, tukazunguka alikotuonyesha, tukaketi juu ya gogo. Kijana akaanza kuyaandika maneno ya bibi. Yalizidi nafasi ya kioo kwa herufi nyingi. Akayapunguza, akanisomea, nikamwambia la, hapo umeliondoa lile la kuitika. Akafuta, akaanza tena. Ngurumo zilikuwa zikisikika upande wa Burundi, na mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani akatuuliza kama tumepotea.